Wilmus Hajanijia

L'Esterre, Carriacou
9 Februari 1986

Jestina mwanangu,

Mimi mzima, ni goti tu. Wewe je? Unakula? Usinijibu "ndiyo Mama" halafu basi, kama kwenye barua ya Krismasi. Niambie unakula nini, na nani anakupikia siku unazochelewa dukani. Na mtoto avae kofia. Baridi ya Brooklyn naijua, inaanzia masikioni.

Pipa ulilonitumia limefika. Baba yako mdogo Ludovic alilichukua bandarini Hillsborough akaja nalo kwenye lori lake la mawe. Nilipovua ule ukingo wa bati na kuinua kifuniko, harufu ikanipiga usoni: sabuni, mchele, kahawa, viatu vipya. Harufu ya duka la baba yako huko Brooklyn. Nikakaa chini sakafuni, sikutoa kitu. Nilipoinua kichwa nikakuta mbuzi kasimama mlangoni ananitazama kama mtu wa ushuru. Mbaazi zimeshavunwa, mifugo yote imefunguliwa, inazurura na kuingia majumbani mwa watu bila hodi. Ndio wageni wangu siku hizi.

Sasa sikiliza jambo linaloninyima raha. Baba yako anatembea. Kwanza alimwendea Shangazi Eldica usingizini. Kasimama uani kwake, kavaa aproni ya dukani, anamwambia, "Dada, nyinyi mnakula tu?" Basi, akaondoka. Kisha akamwendea Ludovic, analalamika miguu inapigwa na baridi. Hata Cassie wa Harvey Vale! Alinikimbilia nje ya kanisa, kajaa furaha utadhani kashinda bahati nasibu. "Ianthe, mumeo alikuwa kwangu juzi."

Nikamwambia, "Alikuja kutafuta nini? Hata akiwa hai alikuwa akikuona anavuka barabara."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nikafika nyumbani nikalia.

Kwangu haji, Jestina. Mtu niliyelala naye ubavuni tangu sina hata jino bovu, haji. Nalala mapema nimkute. Nikiamka najikagua kichwani kama mtu anayepapasa mifuko: hakuna kitu. Nyumba ina vyumba vitano, alijenga mwenyewe kwa jasho la Brooklyn, akaniambia, "Tangulia ukawasimamie mafundi, mimi nipo nyuma yako." Mafundi wakamaliza, wakaondoka. Nikamngoja miaka, nikaja kumwona tena huko huko Brooklyn, kwenye sanduku, nimeazima koti la mtu.

Unajua desturi yetu, au Marekani imekusahaulisha. Jiwe la kaburi halisimamishwi hivi hivi. Mwenyewe ndiye anayeita. Anamjia mtu wake usingizini, anataja anachotaka, kama ni mbuzi, kama ni ngoma, kama ni ugali wa kuviringa, na ndipo inapangwa karamu ya jiwe, anakula, anatulia. Najua mwili uko huko kwenu. Lakini jiwe linaweza kusimama hapa walipolala baba zake, na Ludovic amekwisha kulichonga, zuri, lina jina lote. Linangoja neno tu. Nao wote aliowaendea wanasema kitu kimoja: "Ianthe, sisi ametupitia njiani. Neno lenyewe atakupa wewe."

Nimefikiri labda anakuja hapo dukani, maana ndiko alikozoea. Amekujia wewe? Ikiwa amekujia, alisema nini? Usinifiche.

Mama yako,
Ianthe Quashie


Brooklyn
2 Machi 1986

Mama mpenzi,

Shikamoo. Ninakula. Jumapili wali na mbaazi, siku nyingine mkate na jibini nimesimama kaunta. Andre anavaa kofia mpaka mlangoni, akifika kona anaificha mfukoni. Nimemwona.

Duka lipo. Watu bado wanamuulizia. Juzi alikuja mzee mmoja wa Montserrat, alikuwa hajasikia. "Bosi yuko wapi?" Nikamwambia. Akavua kofia, akasimama katikati ya mapipa matupu kama yuko kanisani, kisha akanunua kamba ambayo hakuihitaji. Nami kila nikipakia pipa la mtu la kutuma kwao visiwani namsikia Baba. Unakumbuka alivyonifundisha nikiwa mdogo? Soksi ndani ya kikombe, kikombe ndani ya kiatu, mchele unamiminwa kwenye mianya. "Kiatu kitupu ni nafasi iliyopotea, Jestina." Nilikuwa naenda shule nikiwa na punje za mchele nyweleni.

Kuhusu ulichouliza. Ndiyo, Mama. Alinijia. Ilikuwa hapa hapa dukani. Amevaa ile suti ya kijivu, ananukia vizuri, anatabasamu. Akasema, "Mwambie mama yako niko salama. Sihitaji kitu chochote. Asijisumbue na jiwe wala karamu. Hapa nilipo pananitosha." Akasema tena ingekuwa vizuri urudi Brooklyn ukae na sisi, usibaki peke yako kwenye nyumba kubwa hivyo.

Basi tulia, Mama. Presha yako haitaki mawazo. Chumba cha mbele kipo wazi, Andre anaweza kulala sebuleni.

Mwanao,
Jestina


L'Esterre
20 Machi 1986

Jestina,

Barua nimepata.

Kama amesema hivyo, amesema. Nimemwambia Ludovic alifunike jiwe. Akauliza, "Kwa nini, shemeji?" Nikamwambia, "Mwenyewe hataki." Akanitazama, kisha akaenda kutafuta turubai.

Kwa hiyo alipo panamtosha. Ni vizuri kujua.

Brooklyn siji. Pipa jingine usitume, mtu mmoja hali sana.

Mtoto avae kofia.

Ianthe Quashie


Brooklyn
11 Mei 1986

Mama,

Nimeandika mara mbili hujanijibu. Nilijiambia ni meli ya posta. Halafu leo akaingia Bi. Verna Compton, katoka likizo huko nyumbani, kajitupa kwenye kiti cha Baba hata koti hajavua.

"Jestina, mama yako ana nini?"

"Kwani ana nini?"

"Kafunga vyumba vyote anaishi jikoni. Nimemkuta mchana, jua kali, madirisha yamefungwa. Nikamwambia, 'Ianthe, unamficha mwanamume gani humu?' Mzaha tu, unanijua. Akaniambia, 'Hakuna wa kumfungulia.' Hata hakutabasamu, mwanangu."

Alipoondoka nilifunga duka saa za kazi. Baba hakuwahi kufanya hivyo.

Ile ndoto usiifikirie sana, Mama. Ndoto ni ndoto. Lakini hilo neno uliloandika, kwamba alipo panamtosha, siwezi kuliacha. Kuna kitu nitakuambia. Baba alinikataza nisikuambie, alisema ni aibu yake.

Nyuma kabisa dukani, karibu na choo, kuna pipa lenye jina lake. Ameandika kwa rangi nyeusi, W. QUASHIE, L'ESTERRE. Lilikuwepo tangu wiki uliyoondoka. Lilikuwa pipa lake la kurudia. Kila akipata kitu kizuri anaweka: nyundo mpya, taulo, viatu vya shambani, kofia, vikombe, sabuni ile unayoipenda. Alikuwa akisema, "Likijaa tu, siku hiyo hiyo naondoka nalo. Mtu hawezi kukaa ugenini miaka yote hii akashuka gatini anapunga mikono mitupu. Cassie atanitungia wimbo."

Na lilikuwa linajaa, Mama. Shida ni wateja. Unajua kanuni yake, pipa halisafiri na nafasi. Anakuja mama, tuseme yule Philomene wa St. Vincent anayeosha wazee hospitali, ana watoto watatu kawaacha kwa bibi yao. Pipa lake limejaa mpaka hapa tu, kifuani. Baba anachungulia.

"Mama, una nafasi humu. Vitu vitagombana njiani, vitafika vimeuana."

"Bwana Quashie, ndio mwisho wangu huo. Sina kingine."

"Nani kakuuliza mwisho wako? Geuka huko, tazama dirishani."

Philomene anageuka, na Baba anakwenda nyuma. Anarudi na taulo, viatu, sabuni. Anashindilia mpaka juu, anapiga ukingo wa bati, pa! "Haya, geuka. Limejaa. Nilikuambia limejaa, hukuangalia vizuri."

Nilimtania. "Baba, hilo pipa lako ni duka la bure."

"Usilihesabu. Mwezi ujao nalijaza."

Kila mwezi, mwezi ujao. Asubuhi ile alipoanguka lilikuwa nusu. Hapa hapakumtosha, Mama. Hata siku moja. Alikuwa anauliza kama mvua imenyesha L'Esterre, huku amesimama kwenye theluji.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata unitukane.

Jestina


L'Esterre
1 Juni 1986

Jestina mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaenda kukata kuni ambazo sikuzihitaji, nikarudi nikaisoma tena.

Mjinga yule! Nisamehe, ni baba yako, lakini mjinga. Nani alimwambia nangoja pipa? Mimi nilikuwa nangoja mtu. Angeshuka gatini na suruali moja na lile pengo lake la meno ningemfungulia mlango wa mbele. Cassie angetunga wimbo, mimi ningeuimba naye! Miaka yote ile nakaa barazani nasikia kila injini inayopanda kilima, nikidhani ananiona mzee, nikidhani ameona huko ndiko kuna maisha. Kumbe anahangaika na taulo.

Nimemkasirikia siku mbili. Nimempikia na kumsema mezani kama nilivyokuwa nikimsema zamani. Ludovic alipita akasikia, akauliza naongea na nani. Nikamwambia na kaka yako. Akavua kofia, akasema, "Mwambie na mimi namdai."

Na sasa wewe. Ile ndoto si ndoto. Nilijua kabla sijamaliza ukurasa. Umemvisha suti na kumpa maneno matamu, wafu wa kwetu hawako hivyo. Aliyeshiba hatoki alikolala. Anayekuja anakuja kwa sababu anataka kitu, na anakitaja bila haya, anataka rum, anataka kiuno cha mbuzi, anagomba kwa nini amecheleweshwa. Hakuna aliyewahi kupanda mpaka kwenye usingizi wa mtu kumwambia asijisumbue. Ungekuwa umekulia hapa usingekosea hivyo.

Utauliza, kama nilijua, mbona nilifunika jiwe. Nitakuambia. Nilijisemea, ndoto ametunga mtoto, lakini maneno kayatoa wapi? Labda ndivyo baba yake alivyokuwa akisema akiwa hai, hapo kaunta, mimi nisiposikia. Pananitosha. Mama yako asijisumbue. Hilo ndilo lililoniangusha. Sikulala kitandani tangu siku ile, nilitandika jikoni.

Haya, yameisha. Ulikuwa unaogopea presha yangu. Najua.

Nitumie pipa lake. Kama lilivyo, Jestina. Usiongeze hata kijiko. Na nimemwambia Ludovic atoe turubai. Shangazi Eldica anasema haiwezekani, lazima marehemu aite. Nimemjibu, "Dada, huyu hakuwahi kuniambia anachotaka akiwa na ulimi, ataniambia sasa?" Mimi ndiye nitakayemwita. Karamu ni Agosti, mahindi yakiwa yamesimama. Njoo. Wewe na Andre.

Mama yako,
Ianthe


Brooklyn
6 Julai 1986

Mama,

Pipa limeondoka Alhamisi. Vijana wa bandarini walilitikisa wakanicheka, "Duka la Quashie linatuma pipa linaloimba?" Nikawaambia ndivyo mwenyewe alivyoagiza.

Kuhusu ndoto sina la kujitetea.

Agosti sitaweza, Mama. Ndio mwezi wa nguo za shule, watu wanajaa mpaka nje, na nikifunga sasa wateja watahamia kwa yule Mjamaika wa ng'ambo ya barabara. Desemba labda. Nitaona. Utanisimulia yote, sawa?

Andre anakusalimu. Amekataa kabisa kofia, lakini ni Julai.

Jestina


L'Esterre
24 Agosti 1986

Jestina mwanangu,

Tumemaliza. Mikono inaniuma kwa kusonga, herufi zikipinda uvumilie.

Pipa lilifika, na kweli vitu vimegombana humo. Kikombe kimekatika mkono, nyundo imetoboa kofia mpya. Ludovic alitaka kulijaza. "Shemeji, tutie hata magunzi chini, watu wataona kaka karudi na pipa nusu."

"Waone."

Nikaliweka sebuleni, wazi. Kila aliyeingia akachungulia. Cassie alitia kichwa chote ndani.

"Ndiyo haya tu?"

"Ndiyo haya tu."

"Kwa miaka yote ile, Ianthe?"

"Mengine yako St. Vincent, Cassie. Mengine Montserrat. Kuna watoto wameyavaa mpaka yamechanika."

Nikangoja aseme kitu chake. Akavuta kigoda, akanisaidia kuchambua mchele, na hakuondoka mpaka sufuria ya mwisho.

Jiwe tulililaza kitandani kwangu, upande wake, tukalifunika shuka jeupe kama inavyotakiwa. Watu wakaingia mmoja mmoja kulisalimia. "Karibu nyumbani, Wilmus." "Umechelewa, bwana." Mzee Patrice aliligonga kidogo akasema, "Sasa umekuwa mzito kweli, si kama ulivyokuwa unajisifu." Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Walipotoka nilibaki nalo. Nikaweka mkono juu ya shuka. Ni baridi, Jestina. Nilikuwa nimesahau kwamba jiwe ni baridi.

Asubuhi wanaume wakalibeba. Nilitangulia nikimwaga maji, Ludovic akafuata na rum. Lilipokwisha simama niliambiwa niseme maneno, nikasema kwa sauti watu wote wasikie, "Wilmus, leo si wewe uliyeniita. Mimi ndiye nimekuita. Njoo ule." Wazee wawili watatu wakaanza kunong'ona kwamba sivyo inavyofanywa. Shangazi Eldica akawageukia, "Kaeni kimya, wali unapoa!" Ndiye aliyekuwa akinipinga, unaona.

Mchana ngoma zikapigwa uani. Ule mwanzo unaujua, duara linaachwa tupu, hakuna mguu wa mtu hai, wafu wacheze kwanza. Watu wote wamesimama pembeni, ngoma zinalia, na katikati ni vumbi tu na jua. Nilitazama mpaka macho yakatoka maji. Eldica akanibonyeza ubavuni. "Yule pale, yule pale! Anacheza vibaya vile vile." Ludovic naye anatikisa kichwa, anamwona. Nikawaambia namwona.

Sikumwona. Nakuambia wewe tu.

Walipoondoka niliosha vyombo, nikaingia kitandani, upande wangu. Asubuhi Eldica alikuwa mlangoni kabla ya kuku.

"Amekuja?"

"Hajaja."

"Maskini. Ulimngoja sana?"

Nikafikiri. "Sikumngoja. Nilisinzia."

Akaniangalia kama nimetukana, lakini ndio ukweli. Nililala kama mtoto, na kulipokucha nilisikia njaa, nikala mabaki nimesimama kwenye sufuria.

Nyumba ni kimya sasa kuliko kabla ya karamu. Ulifikiri itakuwa vingine? Mimi nilifikiri. Viti vya watu vimerudi kwa wenyewe. Nimefungua vyumba vyote, upepo unapita tu, unaingia huku unatokea kule.

Mwanangu, nikisugua masufuria nimefikiri hivi. Mimi na baba yako tulikuwa watu wa kunyamaza. Yeye hakusema naona haya kuja hivi nilivyo, na mimi sikusema njoo hivyo hivyo ulivyo. Kila mmoja alikuwa anamwonea huruma mwenzake, basi tukazeeka kila mtu na bahari yake. Na wewe naona umeanza. Desemba labda. Nitaona.

Siku nikifa nitakuja kwako, hilo ulijue, mimi si baba yako. Nitasimama katikati ya duka wateja wamejaa, nitakudai ugali, samaki, ngoma, kila kitu, na utahangaika kutafuta mbuzi Brooklyn nzima. Lakini sitaki kungoja mpaka wakati huo ndipo niwe na ruhusa ya kuomba. Naomba sasa, macho yangu yote mawili yamefunguka, kwa mkono wangu ambao mwalimu alisema hautajifunza kuandika. Njoo. Nataka kuwaona wewe na Andre, nataka mnichafulie nyumba. Funga duka, huyo Mjamaika naye ale.

Na usilete kitu.

Mama yako,
Ianthe